Mihuri Minane ya Hamatani

Ijumaa, tarehe 20 Novemba 1998. Mvua iliyochanganyika na theluji, ngurumo mara mbili kabla ya saa nne asubuhi.

Nozue Tokuji, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ni fundi wa tupa katika karakana yetu ya kengele za shaba hapa Takaoka, Japani. Hajaoa. Mchana hula wali wa kufinyangwa wenye plamu ya chumvi ndani, kisha hufuta vidole mara mbili kabla ya kugusa mashine yake ndogo ya gemu. Humo ndimo alimomlea Gonta, nguruwe wa chuma aliyemkamata mwezi wa Januari akiwa dhaifu kuliko wenzake wote.

Wengine huwapa wanyama wao peremende za humo humo kwenye gemu ili wapande ngazi upesi. Gonta hakupewa hata moja. Nozue alikuwa amegundua kwamba mnyama huchukua kitu kutoka kwa kila anayemshinda: akiwapiga ndege huongeza mbio, akiwapiga kobe huongeza ugumu. Basi Gonta alipigana na ndege peke yao hadi Mei, kisha na kobe peke yao hadi Septemba. Kila ushindi uliingia daftarini kwa mstari mmoja mfupi, mitano mitano. Nimeliona daftari hilo. Halina mahali palipofutwa.

Hakuwa na jambo jingine alilolitaka mwaka ule ila kumsimamisha Gonta katika mashindano ya Jumapili, kwenye ghorofa ya juu ya duka kubwa karibu na stesheni. Lakini nguruwe wa chuma hafikii umbo lake la mwisho akibaki kwa mwenyewe. Lazima avuke waya hadi kwenye mashine ya mtu mwingine, abadilike huko, kisha arudishwe. Kwa hiyo kila mchezaji ana mtu wake wa kumvushia. Mtu wa Nozue alikuwa Hamatani Isao, jirani yake wa benchi kwa miaka minane, aliyesema siku zote kwamba yeye anacheza kupoteza muda tu, na ana mihuri miwili basi ya mabingwa wa gemu aliowashinda.

Ijumaa hiyo, kwenye chai ya saa tisa, waliunganisha waya. Gonta alivuka. Kwenye mashine ya Hamatani aliota pembe na mgongo wa miba, na sisi tuliosimama nyuma yao tukapiga makofi. Msimamizi akaingia. Hamatani akachomoa waya akasema watamrudisha jioni. Jioni hakuonekana. Jumamosi Nozue alipiga simu mara tatu, na mara zote mke wa Hamatani alisema mumewe amekwenda kuvua samaki.

Jumapili tulimkuta dukani, jina lake likiwa kwenye orodha na Gonta kwenye kikosi chake. Nozue hakujiandikisha. Alimwendea, na Hamatani akaongea kwanza.

"Kaka, usininunie. Wewe na haya zako ungeishia kumtazama tu daftarini. Mashindano yakiisha nakurudishia."

Nozue alikuja kusimama kando yangu, akaniambia kwa sauti ya chini nisiwe na wasiwasi, Gonta atalala. Ndiyo sheria ya gemu: mnyama mwenye nguvu aliyelelewa na mkono mwingine hamtii mtu asiye na mihuri yote minane ya mabingwa wanane. Humpa mgongo, akasinzia. Hamatani alikuwa na miwili.

Kwenye televisheni kubwa Gonta alitoka. Hamatani akabonyeza. Nikamwona Nozue akiinamisha kichwa mbele kidogo, kama tunavyofanya tukisubiri mlio wa kengele mpya.

Gonta alitii. Alitii mara ya pili na ya tatu, kwa zile mbio za ndege na ule ugumu wa kobe, na Hamatani akachukua nafasi ya pili. Watoto walimzunguka wakitaka kuiona miba.

Baadaye alitufuata kwenye ngazi, waya ukiwa tayari mkononi.

"Haya, toa mashine yako. Si nilikuahidi?"

"Mihuri minane," Nozue alisema. "Ulianza kuitafuta lini?"

Hamatani alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye. "Agosti. Likizo ya kuzuru makaburi."

Agosti ndipo Nozue alipomwazima daftari kwa siku tatu, kwa sababu Hamatani aliomba kujifunza. Na mdomoni bado alikuwa na mihuri miwili tu.

"Mchukue basi, kaka. Ni wako."

Nozue aliutazama waya. "Amekwisha kukutii," alisema, akashuka.

Jumatatu, tarehe 23, ilikuwa sikukuu. Kulikucha shwari, baridi kali. Saa nne kamili Nozue alikuwa mlangoni pa duka la gemu lililo nyuma ya kituo cha tramu. Alinunua mashine ya pili, kaseti ya pili na waya mfupi. Nyumbani aliweka mashine zote mbili juu ya meza, akaziunganisha, akamvusha kinguruwe mchanga wa chuma, aliyemkamata upya, kutoka mkono wake wa kulia kwenda wa kushoto, kisha akamrudisha, kuona kama inawezekana bila mtu mwingine.

Akafungua ukurasa mpya wa daftari, akaanza na ndege.