Spika zangu zimeungua kwenye sherehe ya mwanangu, sasa naletewa saundiba nishukuru

Nimepoteza spika tano na sabufa yake Jumamosi ya wiki iliyopita, mchana kweupe, kwenye sherehe ya binti yangu mwenyewe. Hazikuibwa. Zimeunguzwa mbele ya macho yangu na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Admin, jina langu weka mbali, ila hasira yangu usiipunguze hata neno moja.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tatu, mzaliwa wa upande wa Chidya, naishi Newala ukweni. Nilianza kwa kubebea mafundi mabati, leo naezeka nyumba kwa jina langu kuanzia Masasi mpaka huku juu. Kwa msiojua mambo yetu, huku wanaume wengi tunajenga kwa mke. Nyumba nimeijenga mimi kuanzia msingi, kiwanja ni cha familia ya mke wangu. Na mtoto akifika umri wa unyago, mwenye kauli ni mjomba wake. Haya yote nayajua, nimeishi nayo miaka kumi na tano bila kelele.

Wakati wa kununua muziki wa sebuleni mke wangu alitaka saundiba. "Baba Asha, kitu kimoja chini ya tivii, waya mmoja, nafuta vumbi mara moja tumemaliza." Sikumpuuza. Kwenye chumba cha kupanga ningenunua hiyo hiyo. Lakini sebule yangu ni mita tano kwa nne na nusu, na juu ni bati tupu, silingi bodi bado. Saundiba sauti yote iko mbele. Zile za bei kubwa zinarusha sauti juu igonge dari ikurudie mgongoni. Igonge dari gani kwangu? Na mvua ikinyesha kwenye lile bati, maneno ya filamu unayasoma midomoni. Nikachukua spika ya katikati kwa ajili ya maneno, mbili za mbele, mbili nyuma ya makochi, sabufa kwenye kona. Waya nilizipitisha ndani ya ukuta kabla ya lipu, kwa mkono wangu. Sinywi, sivuti. Starehe yangu ilikuwa kukaa pale katikati Jumapili, sauti inanizunguka.

Shemeji akaja. "Mwali anatoka, muziki tunachukua huu wa kwako."

Nikamwambia, "Shemeji, hizi ni za ndani. Uwanjani hazisikiki, na ukiziunga kwenye amplifaya kubwa zinakufa. Muziki wa kukodi nalipa mimi."

Akacheka. "Sauti ni sauti. Au unambania mwanao?"

Nikadhani tumeelewana. Nikaenda Lulindi kumalizia paa la mtu. Jumamosi asubuhi narudi, sebule nyeupe, spika hata moja hakuna. Ukutani vimebaki vipande vya waya, vimekatwa usawa wa lipu, hata pa kushika hakuna. Mwenye muziki wa kukodi niliyemlipa alishaambiwa na shemeji asije.

Nikaenda uwanjani. Binti kapambwa, kapendeza, nikasema nisimharibie siku yake. MC anashika maiki: "Muziki huu mnaousikia umeletwa na mjomba wa mwali! Vigelegele kwa mjomba!" Vikapigwa. Mimi baba nimekaa chini ya turubai nasikiliza spika zangu zikishangiliwa kwa jina la mtu mwingine. Wimbo wa nne ile ya katikati ikaanza kukoroma. Haujaisha, sabufa ikatoa moshi, na zile nne zikafuata. Shemeji akapaza sauti, "Shemeji, spika gani hizi? Za pambo?" Uwanja mzima ukacheka.

Nyumbani nikamuuliza mke wangu nani alikata waya.

"Mimi."

"Wewe?"

"Kaka alikuwa anavuta, lipu inaanguka. Ulitaka nimwache abomoe ukuta? Nikachukua kisu." Halafu akaongeza, "Na ungenisikiliza tukanunua saundiba, nani angehangaika kuibeba kwenda uwanjani?"

Yaani kosa langu ni kununua kitu kizuri!

Juzi shemeji kaja na boksi. Saundiba. "Tusigombane, shemeji. Hiki kimoja kinafanya kazi ya zile tano. Jumamosi naleta fundi akibandike." Fundi! Aniletee fundi mimi, kwenye ukuta niliopiga lipu mwenyewe! Nikamwambia siitaki. Nataka seti kama ile ile, na nataka asimame mbele ya watu wale wale aseme muziki ulikuwa wa nani.

Akaniangalia. "Ukuta wako, sawa. Kiwanja cha nani?"

Mke wangu alikuwa anakunja nguo pale pale. Hakunyanyua kichwa. Alipoondoka kaka yake ndipo akaniambia, "Ukirudisha hilo boksi umewafukuza ndugu zangu, na mimi siwezi kubaki na mtu aliyewafukuza."

Sasa msije na yale ya "vumilia, ni vitu tu." Vingekuwa vitu tu visingetangazwa kwenye maiki. Nikiipokea, nimekubali kwamba chochote nitakachoingiza ndani kina mwenyewe mwingine, nami nitaitwa kushukuru kila kikiharibiwa. Nikiirudisha, huenda nikarudi Chidya na nyundo yangu, nyumba nikaiacha, maana nyumba haibebeki begani. Mke wangu bado nampenda, na hilo ndilo linalozidi kuniudhi.

Boksi liko sebuleni, sijalifungua. Yeye na fundi wake wanakuja Jumamosi saa tatu asubuhi. Hasa nyie mlioolea ukweni na nyie kina mama wenye kaka: naipokea au nairudisha? Andika neno moja kwanza, sababu zifuate. Nasoma mpaka Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo ushauri hautanisaidia.