Spika ya Kushoto

Mimi nakodisha viti na mahema. Mdogo wangu anakodisha muziki. Mteja akija kwangu kutafuta viti, haondoki mpaka amechukua na muziki. Ndivyo tulivyojijenga, watoto wa mama mmoja tusio na wa kutushika mkono, na watu wakamzoea mdogo wangu kwa jina la Fundi Sauti.

Msimu wetu ni wa mahafali. Kila shule inataka wimbo wa kuagana, na wanafunzi hawataki mwingine ila wa Kiingereza. Labda kulia kwa lugha ya kuazima hakuaibishi sana. Kiingereza cha Fundi ni cha kuombea maji, lakini nyimbo hizo alizipanga kwenye simu yake kama ninavyopanga viti vyangu: hizi za marafiki wa dawati moja, hizi za safari, hizi za kuahidiana tutaonana tena. Hizo za mwisho mimi naziita nyimbo za uongo.

"Dada, moyo wako wa plastiki kama viti vyako," huniambia.

"Plastiki haiozi. Funga waya huo."

Kazini ana miiko miwili. Wimbo hauachwi peke yake, kwa sababu zamani spika ilimkatikia katikati ya wimbo, akazomewa mpaka getini. Na simu inayotoa muziki huiondoa kwenye mtandao, isije mtu akapiga na kuukata wimbo.

Mwaka ule aliyekuwa anamaliza shule ni binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa akikaa bweni. Fundi na mkewe walishaachana, hawasemeshani. Mama wa binti alikuwa amepata kazi ng'ambo na anamchukua binti wakaishi huko. Ndege yao ilikuwa jioni ya siku ileile ya mahafali. Kwa hiyo baba na mtoto wangeagana pale uwanjani, au basi.

Shule ile ina utaratibu wake. Wimbo wa kuagana ukianza, wahitimu hushikana mikono wakafanya duara, na mzazi ndiye anayeingia kumtoa mwanawe. Wimbo ukiisha, shule imekwisha.

Asubuhi binti alitujia kwenye mashine ya muziki, joho linaburuta chini. Wimbo alishauchagua.

"Baba, leo unanitoa wewe. Mama nimemwambia asubiri garini."

"Na mashine atakaa nayo nani?"

"Si shangazi yupo?"

"Shangazi yako? Atawauzia watu kila ubeti!"

Tukacheka. "Wimbo ukianza tu, nenda," nikamwambia mdogo wangu. Akaitikia kwa kichwa, huku mikono yake bado iko kwenye nyaya.

Wakati ukafika. Akaweka wimbo, akajipangusa viganja kwenye suruali, akaanza kwenda. Hajafika kwenye safu ya kwanza ya viti, spika ya kushoto ikakoroma. Akageuka.

"Achana nayo," nikamwambia. "Watu wanalia, nani anasikiliza spika?"

"Ni wimbo wake, dada. Wa kwake usikorome."

Akaingia chini ya meza ya mashine. Nikamvuta shati. "Toka huko, wewe!"

"Sasa hivi!"

Duara likawa linapungua. Wazazi wanaingia, wanakumbatia, wanatoka na watoto wao. Binti alikuwa ameinua shingo anatazama upande wetu, na kutoka pale alipokuwa, meza aliiona, baba hakumwona. Ningeweza kwenda mimi. Lakini hakuwa ananingoja mimi. Wakabaki wachache, kisha akabaki yeye na mwenzake mmoja. Ndipo mama akashuka garini, akakanyaga majani kwa viatu vyake virefu, akamshika mkono akamtoa.

Spika ikaacha kukoroma. Sauti ikatoka safi, ubeti wa mwisho wote. Fundi akachomoza, magoti yamejaa vumbi, anatabasamu.

"Umeisikia?"

Akatazama uwanjani, kisha akakimbilia getini.

Aliporudi nilikuwa napanga viti. Mwalimu mkuu akapita akamsifu: muziki wa leo, Fundi, haujawahi kutokea. Akashukuru kwa adabu. Kisha akairudisha simu kwenye mtandao, ikaingia sauti iliyorekodiwa.

"Baba, nakupigia hupatikani. Mama anasema tutachelewa. Tuko getini, bado nausikia. Sikiliza unavyotoka huku."

Baada ya hapo ni wimbo, na mngurumo wa gari, na wimbo unazidi kuwa mdogo mpaka likabaki gari peke yake. Akampigia. Sasa asiyepatikana akawa binti.

Akakaa juu ya spika ya kushoto, akairudia ile sauti, kisha akairudia tena.

"Sikiliza, dada," akaniambia. "Haikoromi."

Nikaweka viti chini, nikasikiliza.

"Kweli," nikamwambia. "Haikoromi."