Mama Mutlaq Hakunigombeza

Siku ya kwanza kazini nilivaa buibui jipya, nikajifukiza udi, nikabeba vyeti vyangu vyote kwenye bahasha. Mkuu wa Kitengo, kitengo cha kuchunguza lahaja za Kiarabu hapa Guangzhou, hakuvitazama. Alikuwa Mchina wa makamo aliyesoma Kiarabu Sham ujanani mwake, na Kiarabu chake kilikuwa cha vitabuni, kimenyooka kama kanzu iliyopigwa pasi. Alinivisha hedifoni, akabonyeza kitufe, akaniambia, "Ustadha Zuwena, msikilize huyu bwana, kisha uniambie kwao wapi."

Bwana yule alikuwa akilalamikia bei ya mablanketi. Nikasema ni Msudani, lakini si wa Khartoum, ni wa magharibi kwa wafuga ng'ombe. Mkuu akabonyeza tena, nikamsikia mama akimwita mwanawe. Huyo wa Hadhramaut, nikasema, maana nimekulia Malindi ya Unguja, na majirani zetu walikuwa Washihiri. Wa tatu akanitoa jasho. Nikajibu kuwa ni bedui wa bara, ila wa upande gani sijui.

Mkuu akacheka. "Huyo ndiye anayetusumbua sote. Kaa, kazi umepata. Ila nina sharti moja. Usimsahihishe mtu. Siku utakayomsahihisha mtu Kiarabu chake, nitakurudisha sokoni kwa mumeo."

Mume wangu, Mungu amrehemu, wakati huo alikuwa na stoo Zhanqian Road na alisafirisha nguo Dar na Unguja. Mimi nilimfuata Guangzhou nikiwa mwalimu wa Kiarabu niliyechoka kukaa nyumbani. Vijana mnaosoma isimu siku hizi huniuliza, lahaja za Waarabu zilisomewaje Uchina? Nawajibu kuwa pale ndipo penyewe. Mtafiti mwingine angezunguka nchi ishirini. Sisi tulikaa tu, nchi ishirini zikaja kununua nguo na majagi ya chai, zikapita chini ya dirisha letu.

Nilianzia chumba cha unukuzi. Kunukuu ni kusikiliza sauti iliyorekodiwa na kuiandika jinsi ilivyotamkwa, si jinsi ilivyotakiwa itamkwe. Mtu akikohoa, unaandika amekohoa. Hapo nilijifunza kutenga watu wa mji na watu wa mahema, yaani mabedui, ambao lahaja zao zina desturi zake hata wakihamia ghorofani. Mtu wa mji Misri kahawa huiita "ahwa". Mabedui wengi wa bara husema "gahawa", wakatia irabu katikati kama tulivyotia sisi Waswahili. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, nikaona kumbe hawa ni ndugu zetu.

Kisha nikahamishiwa kituo cha sokoni, Guangyuan Xilu, chini ya Msimamizi wa Kituo, mwanamke mkali asiyepanda lifti. Tulizunguka naye maduka ya jumla, wachukuzi wakitupitia na marobota, tukiwaomba wanunuzi wa Kiarabu ridhaa ya kuwarekodi. Ndiko alikokuwa shoga yangu Saumu, mfanyabiashara wa Kariakoo, ambaye hajaielewa kazi yangu mpaka leo.

"Shoga, hebu nieleze," aliniambia siku moja, huku akivuta gauni kutoka kwa muuzaji. "Mie nashinda hapa, nikimwambia mwenye duka, laoban, tai gui le, ghali, ananijibu mei you, hakuna cha chini ya hapo. Wewe unalipwa kwa kusikiliza watu wakipiga soga?"

"Soga ndiyo kazi."

"Basi ningekuwa profesa."

Niseme bila haya: nilikuwa hodari. Katika Kitengo kizima hakuna aliyenifikia kwa sikio. Mkuu alipopata sauti ya kutatanisha alitoka ofisini kwake mwenyewe, akaja mezani kwangu, akasimama na kusubiri. Nilipenda vile alivyosimama.

Adui yetu mkubwa tulimwita kusogea. Mwarabu akizungumza na mgeni huisogeza lugha yake imwelekee yule mgeni, aeleweke na aonekane mtu mzima. Bedui akikutana na mtu mwenye elimu huiweka lahaja yake kando, kama mtu anavyofunika kitanda wageni wakibisha hodi. Mtafiti anaondoka na saa nzima ya sauti ambayo haina faida. Dawa yake hupatikana kwa wanawake wazee, ambao hawajazurura sana na lugha za watu. Lakini mwanamke wa kibedui hakai na mtafiti wa kiume asiye maharimu yake. Kwa hiyo Mama Mutlaq alipokuja mjini, Mkuu alinitazama mimi.

Mutlaq alikuwa mfanyabiashara wa mablanketi, bedui wa Najdi, jangwa la bara ya Waarabu, na alimleta mama yake kutibiwa magoti. Walipanga nyumba Xiaobei. Mama alikuwa na macho makali na vidole vilivyopakwa hina, na alikubali kurekodiwa mradi sauti yake isisikilizwe na wanaume. Kwa hiyo kila kilichorekodiwa nilikinukuu mimi, na Mkuu alisoma maandishi tu. Nilikwenda kwake kwa adabu zote tulizofunzwa kwetu. Nilichukua udi, halua na sanduku la tende. Nilikaa nilipooneshwa. Nikazungumza Kiarabu changu kizuri kabisa.

Naye akanijibu kwa Kiarabu cha Oman. Alijua Wazanzibari wengi asili yao huko, akanisogelea. "Kef halish," aliniuliza, u hali gani, kama mwanamke wa Maskati, na bedui wa Najdi hasemi hivyo. Nilikwenda wiki baada ya wiki, na kila wiki akanipokea kwa Kiomani, akanisifu nguo, akanipa kikombe cha kwanza.

Hapo ndipo alipoingia Xiulan. Alikuwa binti Mwislamu kutoka kaskazini magharibi ya Uchina, ameajiriwa karibuni, na Kiarabu chake kilikuwa cha kuokoteza. Msimamizi alinipa nimfunze kazi. Siku ya kwanza nilipomchukua kwa Mama Mutlaq alikwenda mikono mitupu, akaketi pembeni karibu na mlango wa jikoni, na alipoulizwa jambo hakulielewa. Mama akalirudia. Hakulielewa tena. Mama akapoteza subira, akamshika mkono akamwingiza jikoni, akamwonesha kitu chenyewe. Kilikuwa kinu cha kutwangia iliki.

Toka siku ile Xiulan alikuwa na kazi nyumba ile. Akatwanga, akaosha vikombe, akamkanda mama magoti. Na mama, ambaye hakuwa na wakati wa kumtafutia lugha nyingine, alimsemesha kwa ile ya mahemani. "Halits," nilisikia akimwambia, "ts" ya Najdi penye "sh" ya Kiomani, ile niliyoivizia miaka yote, imetoka bila kuombwa, kwa mtoto aliyekuwa hajui hata thamani yake. Nilikaa sebuleni na kinasa sauti changu na halua yangu. Roho iliniuma, na sikuona sababu ya kujidanganya kuwa ni njaa.

Nikamwambia Saumu. Alinitazama kama mtu aliyeoneshwa bidhaa mbovu.

"Ati unamwonea wivu Mchina kwa bibi wa watu?"

"Mie ndiye niliyempata yule bibi."

"Hasidi hana sababu, Zuwena."

"Ninayo sababu. Nimekwisha kukupa."

Mambo yakawa makubwa Mkuu alipotangaza safari. Kitengo kimepata ruhusa ya kumpeleka mtu mmoja jangwani, akakae na ukoo wa Mutlaq msimu mzima wa baridi, arekodi lahaja kwao. Safari ile niliingoja tangu siku niliposhindwa kumtambua yule msemaji wa tatu. Kila mtafiti wa lahaja za mabedui hupimwa kwa jambo moja, kama amelala hemani au hakulala. Mkuu akaniita ofisini.

"Ustadha, wewe ndiye mkubwa na ndiye unayejua. Lakini atakwenda yule ambaye Mama Mutlaq anazungumza naye kama anavyozungumza na wanawe. Sitamfikisha mtu jangwani akanirekodie adabu."

"Nipe muda," nikamwambia.

"Chukua mwezi."

Nikaazimia kuwa mtoto. Nilikwenda kwa Mama Mutlaq bila udi wala halua, nimevaa dera la nyumbani, nikanyoosha njia hadi jikoni, nikafungua maji nioshe vikombe. Mama akanyanyuka na magoti yake mabovu, akaninyang'anya kikombe, akaapa wallahi sitaosha. Alimwita Mutlaq aende akanunue kondoo, maana aliona nimekuja bila zawadi na akadhani nimepatwa na shida. Nikalishwa nyama mpaka nikashindwa kuinuka. Wiki iliyofuata nilijitia kutofahamu maneno. Akayarudia kwa Kiarabu cha habari za redioni, polepole, kwa huruma. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilikuwa nimekwenda nyumba ile zaidi ya mwaka, na jembe lilikuwa mikononi mwa mwenzangu.

Mwezi ukiishia, Xiulan akaniletea sauti aliyorekodi peke yake. Niliweka hedifoni nikaanza kuandika. Kinu kinatwanga, niliandika. Mama anamkemea: "Mjinga we, iliki hutwangwa hivyo? Nani aliyekulea?" Xiulan anajibu, "Si ni wewe!" Wote wanacheka. Kicheko cha mama nilikuwa sikijui. Kwangu alikuwa akitabasamu.

Kisha Xiulan akamuuliza, kwa lahaja ile ile ya mama, tayari imemkaa kinywani, "Kwa nini na Ustadha Zuwena huzungumzi namna hii?"

Kinu kikanyamaza. "Yule ni mgeni wetu," mama akasema. "Binti wa watu. Anakuja na udi, anakaa vizuri, anasema kama khatibu. Ningemwambia maneno haya ya jikoni akaenda kusema kwao kuwa tumemdharau? Mgeni unamlaza sebuleni. Nampenda sana, lakini siwezi kumgombeza."

Niliisikiliza mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Haikuwa na neno gumu hata moja. Niliandika yote, pamoja na pale kinu kiliponyamaza, nikampelekea Mkuu. Alisoma akiwa amesimama mlangoni, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Umeandika kila kitu?"

"Kazi yangu ni hiyo."

"Ningependa iwe wewe," akasema.

"Hata mimi."

Tukamsindikiza Xiulan uwanja wa ndege wa Baiyun kwa treni ya chini ya ardhi, mimi nimebeba begi lake dogo. Mama na Mutlaq walikuwa wametangulia. Xiulan alinikumbatia, akaniuliza afanye nini akifika. Nikampa mafunzo yangu yote: asikimbilie kurekodi, asiwaulize majina ya vitu mfululizo, awaache wamkosoe. Nilimpa kwa moyo mmoja, na kwa moyo wa pili nilikuwa nikimwombea mafua. Alirudi majira ya kuchipua amebabuka uso, ana masanduku ya sauti ambazo wataalamu wa nchi nyingi walizitamani. Nilinukuu karibu nusu yake. Ndani yake kuna harusi, ugomvi wa visima na wanawake wakimcheka anavyopanda ngamia. Kitabu kilipotoka jina langu lilikuwa la pili, na lilistahili kuwa la pili. Hilo ndilo lililonichoma.

Xiulan akaja kuwa Mkuu wa Kitengo. Mimi nilihamishiwa mafunzo, nikafundisha vijana kusikia, mpaka nikafika umri wa kustaafu. Kwenye hafla ya kuniaga aliniita mwalimu wake mbele ya watu wote, na hakudanganya. Sasa naishi na mwanangu, aliyerithi stoo ya baba yake. Saumu bado anakuja Guangzhou kila msimu na kunicheka. Kazi niliistaafu, wivu naendelea nao.

Mnaoingia katika kazi hii, nina la kuwaambia. Elimu itawafungulia mlango wa sebule, na msiidharau, sebuleni nako kuna mengi. Lakini msiamini kuwa ukijua zaidi utaambiwa zaidi. Mimi nilijua, na nilimpenda yule mama kuliko msemaji yeyote niliyekutana naye. Mapenzi hayakunisaidia.

Juzi Mutlaq alipiga simu kutoka kwao. Alimpigia Xiulan, na ndivyo ilivyopasa. Mama yake amefariki. Nikavaa buibui nikaenda kuhani nyumbani kwa Xiulan. Nilimkuta amekaa chini, wanawake wamemzunguka, macho yamevimba kama mtoto wa marehemu hasa. Nikampa mkono wa tanzia, nikakaa karibu yake.

"Alikuwa akikuulizia kila akipiga simu," akaniambia. "Anaanza na wewe kabla ya kitu chochote. 'Ustadha yu hali gani? Mpe salamu zangu, umwambie nyumba ni yake.' Maneno mazuri, Ustadha. Kwako alikuwa na maneno mazuri siku zote."

"Na wewe, alikuwa akikwambia nini?"

"Mimi?" Akajifuta uso kwa kiganja. "Mimi alikuwa akinigombeza tu, mpaka wiki iliyopita."

Akalia upya, na mimi nikalia. Yeye aliliwazwa na watu wote waliokuwemo chumbani. Mimi nililetewa kiti, na kikombe cha kwanza cha kahawa.