Chombo cha Chupa Mpaka Nyangwe

Niliondoka Wamaza kwa sababu ya mbuzi. Alivimba siku tatu akafa, na tulipompasua tulikuta tumbo limejaa mifuko ya plastiki. Wiki ileile nikasikia redioni kwamba vijana wa Kasongo wameunda chombo cha chupa za plastiki, ili washuke nacho mto Lualaba mpaka Nyangwe wakiwaonya watu waache kutupa taka mtoni. Mimi ni mwalimu, na wanafunzi walikuwa likizoni. Kukaa kulinishinda.

Nilitumia siku mbili juu ya pikipiki, na penye matope nilishuka nikasukuma.

Huko Kasongo, kando ya mto, nilimkuta Asumani, seremala aliyeongoza safari, nikajitambulisha na kuomba nafasi. Alikuwa amejaza mamia ya chupa ndani ya nyavu kuukuu, juu akafunga mianzi kwa kamba.

"Mwalimu, unajua kuogelea?"

"Hapana."

"Basi kamata mwanzi, usiuachilie."

Saa mbili asubuhi tuliondoka, watu wanne. Sikutulia hata kidogo. Nilitazama kamba zaidi kuliko nilivyotazama mto.

Siku ya pili, Nyangwe ikianza kuonekana, tuligonga gogo lililozama. Wavu ukapasuka. Chupa zikamwagika mtoni, nasi tukabaki tunaning'inia kwenye mianzi. Wavuvi walitufikia kwa mitumbwi. Mimi nilivutwa na Mama Feza, muuza samaki mwenye mikono ya nguvu.

"Munatoka wapi?"

"Kasongo. Tumekuja kuwaambia watu wasitupe plastiki mtoni."

Akageuka kuyatazama maji. "Na ile yote iko ya nani?"

"Iko yetu, mama."

Alinifikisha ukingoni, nikashuka. Yeye hakushuka. "Rudi mu mutumbwi, tuokote."

Nilitamani kukataa. Nikapanda.

Tuliokota mpaka jioni. Watu wa Nyangwe walitucheka kwanza, kisha wakaja na vikapu. Hotuba tuliyoiandaa hakuna aliyeisoma. Mama Feza alichomoa bidoni, dumu la plastiki lililopasuka, na mifuko kutoka kwenye matete, akavinyanyua.

"Hii si yenu, mwalimu. Hii iko yetu."

Nilirudi nyumbani kwa njia ileile, nikijua kwamba mto hauulizi kitu kilitupwa kwa nia gani. Majirani wananiuliza kama tulifika. Nawaambia tulifika. Lakini chupa nyingi zilitupita, zikaelekea Kindu, chini zaidi ya mto, na kila nikiketi najikuta nimesimama tena.