Ukuta Usioaminika

Dada yangu amefua na kupiga pasi nguo za watu kwa miaka arobaini na moja, katika chumba kimoja chenye mlango wa kijani, na mtaa mzima unamwita Mama Pasi. Kila baada ya miezi miwili hupaka ukuta chokaa kwa mkono wake mwenyewe. "Dobi hana cheti," husema. "Cheti changu ni ukuta. Mteja akiingia huangalia ukuta kwanza, ndipo anipe shati."

Mwaka jana wakaja watengeneza filamu. Mwongozaji wao alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa na maneno laini. Alisema anatengeneza filamu ya dobi maskini, wala hataki jukwaa. Anataka chumba cha kweli. "Ukweli mtupu, mama." Dada akafurahi. Alidhani kazi yake itaonekana ilivyo.

Siku ya kazi, mwongozaji aliutazama ukuta, akakunja uso.

"Mama, ukuta huu hauaminiki."

"Hauaminiki na nani?"

"Na watazamaji. Maskini hawezi kuwa na ukuta mweupe namna hii."

"Basi mimi si maskini. Waambie hivyo."

Walicheka, wakidhani anatania. Kisha wakachanganya masizi na oili chafu, wakapaka kuanzia mlangoni hadi kitandani. Pembeni wakatundika utando wa buibui uliotengenezwa kwa pamba, katika chumba ambacho hakuna buibui aliyewahi kumaliza wiki.

Mwigizaji wao aliishika pasi ya mkaa kama mtu aliyebebeshwa paka wa jirani. Hakunyunyiza maji, hakupuliza jivu, lakini jasho alipuliziwa kwa chupa. Akaanza kola katikati.

"Mwanangu," dada akamwambia kwa upole, "kola huanzia nchani, la sivyo inajikunja."

"Usijali, mama," mwongozaji akamkatiza. "Kamera haioni hilo."

Mimi niliigiza miaka kumi na sita katika ukumbi wetu wa mtaa, enzi ambazo pazia lilikuwa shuka mbili za dada huyu huyu. Nyumba zetu jukwaani zilikuwa za maboksi, na kila mtu alijua ni maboksi. Lakini nilipoigiza seremala, seremala mwenyewe alikaa safu ya mbele, na niliposhika randa kinyume alisimama akaniambia nishuke nikajifunze. Nikashuka. Nikashinda karakanani kwake mwezi mzima. Uhalisia wetu ulikuwa huo, kumwogopa anayejua. Siku hizi anayejua huambiwa anyamaze, na masizi hupewa kazi yake.

Jioni waliondoka, wakaagiza kisiguswe kitu, maana kesho yake wangemalizia kipande cha pili, dobi akitoka mlangoni kwenda kitandani. Dada akautazama ule uchafu, akayatazama mashati kumi na mawili ya wateja yaliyokunjwa mezani. Kulipopambazuka alikuwa juu ya kigoda, brashi ya chokaa mkononi.

"Mama, hukusikia tulichosema?" mwongozaji aliuliza walipofika.

"Nilisikia. Nguo za watu zinalala humu."

"Umetuharibia uhalisia wote."

"Uhalisia mliukuta hapa, mkaupaka oili."

Wakajaribu kupaka tena, lakini chokaa ilikuwa mbichi. Masizi yakachuruzika hadi kwenye viatu vyao. Wakapiga picha hivyo hivyo, wamenuna.

Filamu ilionyeshwa ukumbini kwetu. Dobi anafungua mlango, ukuta mweusi tii. Anapiga hatua mbili, ukuta mweupe pe. Hakuna aliyeshtuka. Watu walikuwa wanafuta machozi. Nyuma yetu mmoja akanong'ona, "Haya ndiyo maisha yenyewe."

Dada akaniinamia. "Ile kola imejikunja," akasema, "na hakuna aliyeiona."

Wiki hiyo mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka ishirini, alileta kapu lake la nguo. Akaisifu filamu, akasema imemgusa sana. Huku akizungumza alipitisha kidole ukutani, akakigeuza, akakitazama. Kilikuwa cheupe kwa chokaa. Miaka ishirini macho yake yalikuwa yakiuona ukuta ule, na saa moja na nusu ya uongo ikayashinda.

Dada aliona. Akalinyanyua kapu, akalirudisha mikononi mwa mwalimu.

"Mwalimu, mpelekee yule wa kwenye filamu. Ndiye unayemwamini."

"Ah, Mama Pasi, tumetoka mbali mimi na wewe."

"Tumetoka mbali, na leo ndiyo unanipima kwa kidole."

Mwalimu akaenda zake, kapu kifuani. Dada akapuliza jivu kwenye pasi, akavuta shati lililokuwa juu, akaanza kola, nchani.