Mpira Uliotoka kwa Mpika Halua

Saa kumi na dakika ishirini za alasiri, siku ya Jumatano, fundi viatu alitoka nyumbani kwa meneja wetu akiwa ameubana mpira wa klabu kwapani. Nina hakika ya saa hiyo kwa sababu nilikuwa karani katika duka la vyuma lililokabili baraza yetu pale Kibokoni, na saa ya ukutani ya duka lile nilikuwa nikiitia ufunguo mwenyewe kila asubuhi. Nilimwona fundi akipita. Niliona watu wa barazani wakinyamaza mmoja baada ya mwingine, nikarudi kuhesabu misumari. Sikujua kwamba nimekwisha kumfukuza meneja.

Yafaa nieleze. Miaka ile baada ya vita klabu yetu haikuwa na afisi wala kabati. Ilikuwa na jezi kumi na moja, pampu, na mpira mmoja wa ngozi, na mpira huo ulilala kwa meneja. Hiyo ndiyo iliyokuwa dalili ya cheo chake, kwani hapakuwa na barua wala mshahara. Sasa, meneja wa mtaa kama wetu hafukuziki. Ni ami wa huyu na mkwe wa yule, na kesho alfajiri mtasimama naye safu moja msikitini. Kwa hiyo wakubwa wa klabu walikuwa wamebuni njia ya adabu. Timu ikimchoka meneja, fundi viatu alitumwa kwake kuuomba mpira, akisema umetoboka na unataka kiraka. Meneja huutoa, husema "Hewala", na jioni ile ile huja kukaa barazani pamoja na waliomtangulia. Mpira ukishashonwa huenda kulala katika nyumba nyingine. Hakuna aliyelitaja jambo hilo kwa kinywa, si kabla wala baada.

Mimi nilikuwa katibu na mweka hazina, na desturi hiyo niliijua kama nilivyojua jina langu. Lakini Jumanne, katika mazoezi, mpira ulianza kutoa pumzi kama birika, na siku iliyofuata kichwa changu kilijaa hesabu tupu. Tajiri yangu, Mhindi wa Kibohora mwenye duka, alikuwa na mpira mpya umening'inia juu ya mizani.

"Shilingi kumi na nane, karani," alisema. "Wewe ni mtu wangu, pampu nitakuazima."

"Pampu tunayo."

"Basi umeokoa pampu."

Fundi viatu alitaka shilingi mbili na nusu kwa kiraka. Nikamwambia aende akauchukue kwa meneja. Alisimama kidogo na begi lake la sindano.

"Wenzako wajua?"

"Mambo ya senti ni yangu peke yangu."

"Leo hii, kabla ya Jumamosi?"

"Ndiyo maana nataka leo."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaenda.

Jumamosi hiyo ilikuwa mechi yetu ya mwisho ya ligi. Tulikuwa wa pili kutoka mkiani. Tukitoka sare, tunabaki daraja la kwanza, tukifungwa, tunashuka. Klabu yetu ilikuwa imefika ukingoni mara nyingi, lakini haikuwa imeshuka hata mara moja, na kila mtu barazani alijua kwamba meneja atakayeishusha atatajwa hapo mpaka siku ya kuzikwa, na baada yake watoto wake.

Jumatano ile, nilipofunga duka saa kumi na moja na nusu, nilikuta watu wamejaa barazani. Mameneja wawili wa zamani walikuwa mahali pao pa kila siku: kwanza mshona kanzu, kisha karani wa forodha. Muuza kahawa alikuwa akizungusha vikombe. Yeye hakuwahi kukosa mechi hata moja, na ndiye aliyekuwa akianzisha mazungumzo ya zamani, mbele ya wenyewe waliohusika. Aliyezungumzwa aliruhusiwa kusahihisha idadi tu. Sifa na lawama ilimpasa azinywe pamoja na kahawa.

"Wakati wa mshona kanzu," alisema, akimmiminia mshona kanzu mwenyewe, "mambo yalikuwa kwa kipimo. Kila mchezaji alipimwa kwa utepe."

"Mara mbili," alisema mshona kanzu.

"Mara mbili. Ikaonekana winga wa kushoto ana mguu mmoja mfupi."

"Kwa nusu inchi."

"Kwa nusu inchi. Akapangwa upande wa kiwanja wenye mteremko, apate kusawazika. Mimi nikasema, yakhe, huyu bwana ana akili. Kipindi cha pili timu zikabadilishana magoli, kijana wa watu akawa akikimbia kama meza iliyovunjika mguu."

Watu walicheka. Mshona kanzu alipuliza kahawa yake. Mwaka ule tulinusurika siku ya mwisho kwa mvua: vijana wetu walicheza pekupeku na wapinzani walivaa buti, na kiwanja kilipogeuka tope wapinzani walibaki wamesimama kama vigingi.

"Na wakati wa huyu bwana wa forodha," aliendelea muuza kahawa, "mchezaji akipewa barua. Kila mmoja na yake, ina tarehe na muhuri, yaeleza asimame wapi. Beki wetu wa kulia hakujua kusoma. Akaikunja, akaitia kwenye kofia yake. Nikamuuliza, mbona husomi? Akasema, meneja amenipa hirizi."

"Lakini hatukushuka," alisema karani wa forodha.

"Hatukushuka. Tulifungwa matatu siku ya mwisho..."

"Manne."

"Manne, kisha bwana akaandika pingamizi kwamba mchezaji wao mmoja aliandikishwa na klabu mbili. Kurasa nne."

"Sita. Na viambatisho."

"Wakubwa wa ligi wakatupa pointi ili wasiendelee kusoma."

Hapo ndipo meneja wetu alipotokea, amevaa kanzu safi. Alikuwa mpika halua, mtu mnene wa mikono na mchache wa maneno. Alitoa salamu, akazungusha macho, akaenda kukaa pembeni mwa karani wa forodha. Huyo naye akasogea bila kuulizwa, akampa nafasi ya mtu mmoja kamili. Muuza kahawa akammiminia, akasema kwa sauti ile ile:

"Wakati wa mpika halua tulikuwa na sare nyingi."

Mwezi mzima tulikuwa tukimzungumza meneja huyo, lakini daima kwa mambo ya leo na kesho. Sasa alikuwa amekwisha ingia katika hadithi.

"Alituambia, msisimame, halua ikiachwa kukorogwa hushika chini," alisema muuza kahawa. "Basi vijana wakawa wakipasiana kwa kuzunguka, wakizunguka, wakizunguka. Mpira haukwenda golini kwao wala haukuja kwetu. Sare kumi."

"Kumi na moja," alisema mpika halua, naye kwa kusema hivyo alikubali.

Nikasimama. "Jamani, mpira umetoboka kweli."

Mpika halua aliweka kikombe chini taratibu. "Alhamdulillahi," alisema.

"Wangu pia ulitoboka kweli," alisema mshona kanzu.

"Wangu ulitoboka mahali pawili," alisema karani wa forodha.

Alhamisi asubuhi nilimfuata mpika halua jikoni kwake. Alikuwa akikoroga, jasho likimtiririka. Kwenye rafu juu ya magunia ya sukari niliiona kata ya ukindu aliyokuwa akiuwekea mpira usibingirike. Ilikuwa tupu, na hakuwa ameiondoa.

"Ami," nilimwambia, "ni mimi niliyemtuma fundi. Nilitaka kuokoa pesa. Hakuna aliyekuondoa."

"Sikiza, mwanangu. Wenzangu wawili waliambiwa mpira umetoboka, na ulikuwa mzima. Mimi naambiwa umetoboka, nawe wasema ni kweli. Maneno ni yale yale na fundi ni yule yule. Mtaa mzima umeniona nikienda kukaa. Wataka nifanye nini, nikawaambie wanitazame tena?"

"Jumamosi tunataka sare tu. Wewe ndiwe mtu wa sare."

Aliendelea kukoroga mizunguko kadhaa. "La haki nikwambie. Usiku wa jana nimelala mpaka alfajiri, mara ya kwanza tangu ligi ianze. Tukishuka Jumamosi, jina halitakuwa langu." Kisha akaitazama ile rafu, akageuka upesi. "Mtu hateremshwi Jumatano akapandishwa Ijumaa. Mimi si bendera."

Ijumaa baada ya sala nilikwenda kuuchukua mpira. Kiraka kilikuwa cha ngozi ya viatu, kinene, kimeshonwa kwa uzi wa nta. Nilimwomba fundi akae nao mpaka kesho.

"Mpira kwangu usilale," alisema, akifungasha vyombo vyake kabla sijamaliza. "Mimi natafuta riziki tu."

Nikaupeleka kwa mshona kanzu. Alinikaribisha, akanipa maji, akasema angeupokea kwa moyo mkunjufu, ila nyumba ina panya na panya wanapenda ngozi. Tangu nimjue alikuwa hajawahi kuwa na panya. Nikaenda kwa karani wa forodha. Alisema hana pingamizi, mradi apate barua ya kuteuliwa, yenye sahihi za mashahidi wawili, na barua kama hiyo huchukua siku tatu kuandaliwa. Nikarudi kwa mpika halua; mlango ulifunguliwa kidogo na mkewe, akaniambia mwenyewe ametoka. Sauti ya mwiko ikikwangua sufuria ilisikika mpaka njiani.

Jua lilikuwa linakaribia kutua, na kupita tena mbele ya baraza na kitu kile mkononi sikuthubutu. Nikaenda nao nyumbani. Mama alikuwa uani akichambua mchele. Aliutazama mpira, akanitazama mimi.

"Pole, mwanangu," alisema.

Asubuhi ya Jumamosi niliposhuka njiani, mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa muuza kahawa.

"Umeamkaje, Meneja?"

"Mimi ni katibu."

"Mpira umelala wapi?"

Hakungoja jibu.

Basi nilifanya kama nilivyofanya kila kitu, kwa kalamu. Tunataka pointi moja. Pointi moja ni kutofungwa. Kutofungwa ni watu wengi golini. Niliwapanga wachezaji tisa nyuma, mmoja katikati, mmoja mbele awe kama tahadhari. Nahodha wa timu, kijana mpole, aliuliza kwa nini wasifanye kule kuzunguka kwa siku zote.

"Kuzunguka ni kupoteza nguvu," nilimwambia. Hilo nalikumbuka kila nionapo halua.

Mechi ilianza saa kumi na nusu. Mpira ulikuwa wetu, kwa kuwa tulikuwa wenyeji, na kabla ya robo saa kila aliyekuwa kiwanjani aliligundua jambo moja. Upande wenye kiraka ulikuwa mzito. Ukipigwa chini ulibingirika sawasawa, lakini ukipigwa juu kwa nguvu ulipinda kushoto kwa mpigaji, kama mtu aliyekumbuka kitu sokoni. Vijana wetu hawakupata kulitumia, kwa sababu nilikuwa nimewakataza kuvuka katikati. Wapinzani walikuwa na mpira muda wote, wakawa na nafasi ya kujifunza.

Mpaka kipindi cha pili kinakaribia kwisha tulikuwa hatujafungwa. Mpika halua alikuwa amesimama nyuma ya goli letu, mbali na watu. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukizunguka polepole ubavuni, bila yeye kujua. Zilipobaki dakika nne, beki wao aliupiga kutoka mbali sana. Kipa wetu aliuona vizuri, akaruka upande wa kulia wa mpigaji, mahali ulipokuwa unakwenda. Mpira ukakumbuka kitu sokoni.

Moja bila. Ikaisha hivyo.

Nilirudi mjini peke yangu kwa miguu, mpira kwapani, na niliona haya kupita pale. Lakini njia ya nyumbani ni moja. Nilipofika barazani mpika halua akasogea, karani wa forodha akasogea, na mshona kanzu naye akasogea mpaka mwisho wa jiwe.

"Karibu, Meneja," alisema mpika halua. "Kaa hapa. Pande hizi kivuli hufika mapema."

Nilikaa. Alikuwa amekuja na halua katika jani, akaniwekea gotini. Kwa sauti ya chini aliniuliza, "Kwa hiyo ulitoboka kweli?"

"Kweli, ami."

Alitikisa kichwa, na mabega yakaanza kucheka kabla ya mdomo. "Basi mimi sikufukuzwa."

"Hukufukuzwa."

"Wala sikushusha timu."

"Wala hukushusha."

"Mwaka mzuri," alisema, akajilamba kidole.

Muuza kahawa alinijazia kikombe. "Wakati wa karani wa duka," alianza, na watu wakajisogeza kusikiliza, "tulicheza mechi moja."

Hapakuwa na idadi ya kusahihisha.

Jumatatu, saa nne kasorobo za asubuhi, fundi viatu alisimama mlangoni pa duka. Alisema kuna uzi umefumuka kwenye kiraka, afadhali autazame. Nilimwambia "Hewala", nikautoa chini ya meza, maana asubuhi hiyo nilikuja nao, nikampa. Tajiri yangu aliyaona hayo yote kutoka nyuma ya mizani, chini ya ule mpira mpya ulioning'inia bado.

"Kumi na nane, karani," alisema. "Nilikwambia."

Jioni ile nilifunga daftari la mwaka, ili nilikabidhi kwa katibu atakayefuata. Mpira mpya, haukununuliwa: shilingi kumi na nane. Kiraka: shilingi mbili na senti hamsini. Zilizookolewa: shilingi kumi na tano na senti hamsini.