Ruksa Iliyompita Mama

Kilichotangulia kufika kilikuwa mngurumo wa jenereta. Sisi watoto wa kijiji kile cha upande wa Kate, juu kwenye uwanda wa Ufipa, tulikuwa tumezoea milio michache tu: upepo wa kipupwe ukipita kwenye mikaratusi, fimbo za akina mama zikipura ulezi, na kengele ya kanisa letu la kigango, ambayo kwa kweli ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa mtini, baba yangu akiigonga kwa nondo kila Jumapili. Kiangazi kile lori dogo lilisimama kwenye uwanja wa mpira wa shule, vijana wakashusha spika kubwa kama makabati, na jenereta ikaanza kunguruma. Harufu ya petroli ilichanganyika na hewa ya baridi ikatukaa kooni. Tulikimbia kwenda kutazama kama vile tulivyokimbilia kitu chochote kipya siku hizo, na vitu vipya havikuwa vichache.

Zilikuwa nyakati za ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Maduka ya Sumbawanga, ambayo miaka michache nyuma yalikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia, yalijaa sabuni za kila rangi, vitenge, redio za kaseti na soda. Mitumba ilifika mpaka gulioni kwetu, na wazee tuliowajua kwa makoti yaliyochanika walianza kuonekana na majaketi mazito ya Ulaya. Wafanyabiashara walikuja na malori yao kununua mahindi mlangoni kwa mtu, na hakuna aliyewauliza kibali. Watu walikuwa na jibu moja kwa kila swali: ruksa. Na dini nazo zilikuja kwa barabara ileile ya vumbi. Kabla ya hapo, kwetu kuwa Mfipa na kuwa Mkatoliki vilikuwa kama nyama na mfupa. Hukuambiwa uchague, ulizaliwa ukavikuta. Sasa mtu aliweza kusimama uwanjani na kipaza sauti akasema kuna njia nyingine, na mwenyekiti wa kijiji akaishia kukohoa tu na kwenda zake.

Baba alikuwa katekista wa kigango. Padri alifika kwetu mara chache, kwa hiyo baba ndiye aliyeongoza ibada, aliyetufundisha sala, na aliyezika watu. Alikuwa na sauti nzito iliyotulia, na watu walisema kuzikwa na sauti ile ni nusu ya kupumzika kwa amani. Mama, Leokadia, aliongoza kwaya. Walikuwa watu wa kuheshimiwa, na mimi binti yao, Tekla, nilijiona kama mtoto wa chifu, japo viatu sikuwa navyo.

Mwanzoni mwa kiangazi hicho mama alijifungua mtoto wa kiume kabla ya wakati wake. Baba alikuwa parokiani kwenye semina ya makatekista. Aliyempokea mtoto alikuwa bibi, mama mzaa mama, aliyekuwa anakaa nasi. Mama alipoteza damu nyingi, na bibi alihangaika naye, akimkanda, akimwita kwa jina asizimie. Alipogeuka kumtazama mtoto, mtoto alikuwa ameshatulia. Katika mahangaiko yale hakuna aliyekumbuka maji ya ubatizo. Baba, ambaye kila mwaka aliwafundisha wanawake wa kigango namna ya kumbatiza mtoto aliye katika hatari ya kufa, alirudi jioni akakuta somo lake limesahauliwa nyumbani kwake mwenyewe.

Alimzika asubuhi iliyofuata, nje ya makaburi ya kanisa, chini ya mikaratusi, kama alivyofundishwa kwamba ndivyo wanavyozikwa wasiobatizwa. Kanzu yake nyeupe hakuivaa. Hakusoma neno. Alichimba, akafukia, akaegemea jembe kwa muda huku mgongo wake umetugeukia, kisha akarudi nyumbani. Nilimtazama mtu aliyewaombea walevi, wezi wa ng'ombe na hata mganga mmoja aliyetubu dakika za mwisho, nikashindwa kuelewa kwa nini amekosa neno kwa ajili ya mwanawe. Mama alipopata nguvu ya kukaa, alimuuliza mbele yetu, tukiwa tunakula: "Mwanangu yuko wapi?" Baba aliweka tonge chini. Akaeleza, kwa sauti yake ya darasani, kwamba watoto wasiobatizwa wapo mahali pasipo moto wala mateso, ila uso wa Mungu hawauoni. Mama aliuliza tena, baba akajibu vilevile. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini sikuwahi kusikia methali inayoeleza mzazi afanye nini wazazi wenyewe wakiwa wawili na uchungu wao usifanane.

Ndipo wahubiri walipokuja na jenereta yao. Mama alisema anakwenda kusikiliza nyimbo tu, akanichukua mimi. Mhubiri alikuwa kijana mrefu aliyeitwa Mchungaji Elisha, mwenye suti kubwa kuliko mabega yake na Kiswahili cha mjini. Alihubiri juu ya minyororo na uhuru, na mengi yalinipita. Halafu akasema kwamba kama yupo mama hapa aliyefiwa na mtoto mchanga, asikubali kuambiwa mtoto wake yuko gizani, kwa kuwa yuko kifuani mwa Yesu. Mama aliinama kama aliyepigwa tumboni. Alilia kilio ambacho hakukilia kaburini, na nilipomshika nilihisi mwili wake ukilegea, kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani baada ya safari ndefu. Mpaka leo sijathubutu kuuita machozi ya bure ule mlio niliousikia.

Wiki ile ile akaokoka. Baba hakumpiga, na kwa wakati ule hilo peke yake lilihesabiwa kuwa udhaifu. Alimwambia tu, "Leokadia, mimi ni katekista." Mama akamjibu, "Na mimi ni mama yake." Wazee wa kigango walimwita baba wakamwambia mtu asiyeweza kuongoza nyumba yake asiongoze ya Mungu, na wakamsimamisha kuongoza ibada hadi mke wake arudi. Kwaya ikapata kiongozi mwingine. Shuleni wenzangu waliniita mtoto wa msaliti, na bibi akawa anakwenda kanisani peke yake, polepole, akisalimiwa na wachache.

Ningependa kusema kwamba mama alipata uhuru alioahidiwa, na kwa miezi kadhaa alionekana kuupata. Kanisa lao jipya lilikuwa turubai juu ya nguzo kando ya barabara, naye aliimba pale kwa namna ambayo hakuwahi kuimba kwetu, macho yamefumbwa, bila kuangalia nani anamtazama. Alicheka tena. Lakini masharti yalianza kuingia moja moja, kama mchwa. Rozari aliambiwa aitoe, akaitoa. Pombe ya ulezi asipike hata kwa ajili ya watu wa kulima, akaacha, na shamba letu likachelewa. Chakula cha matanga asile, kwa sababu kina mikono ya wafu. Hapo nilimwona anasita. Kisha Mchungaji Elisha akaanza mafundisho ya vifungo vya ukoo. Mtoto hafi hivihivi, alifundisha. Kila kifo kina mlango kilipoingilia. Na mlango katika nyumba yetu, alisema, ni yule bibi aliyempokea mtoto. Mama alitakiwa asimame siku ya ushuhuda, amtaje mama yake kwa jina, ndipo kifungo kivunjike.

Kwetu, kumtaja kikongwe hadharani namna hiyo ni kumwita mchawi, na hayo si maneno tu. Kila mtu alijua vikongwe waliotajwa walivyoishia. Mama hakulala vizuri siku zote zilizotangulia, na mimi nilidhani atakataa kwenda. Alikwenda. Alivaa vizuri, akapita mbele wakati alipoitwa, akapokea kipaza sauti. Watu walikuwa wengi, hata Wakatoliki walikuja kusimama kwa mbali, maana habari zilikuwa zimeenea. Mama akasema, taratibu kabisa: "Mama yangu hajaua mtu. Siku ile ilibidi amwokoe mmoja, akaniokoa mimi." Akaweka kipaza sauti juu ya kiti, akanishika mkono, tukatoka kupitia katikati yao. Nyuma yetu mchungaji alianza kukemea pepo la ukaidi. Nilitaka kugeuka kumtazama, mama akanivuta.

Nilidhani mambo yameisha. Nilikuwa mtoto, niliamini mtu akitenda jambo jema mbele ya watu, watu hulitambua. Wazee wa kigango walifurahi kweli, lakini furaha yao ilikuwa ya kushinda mechi. Walisema ameruka mkojo akakanyaga mavi. Wakamtaka asimame mbele ya altare Jumapili, aombe radhi kwa kashfa aliyoileta, ndipo apokelewe tena kwenye komunyo. Mama aliwauliza aombe radhi kwa kosa gani, kwa kuamini kwamba mwanawe yuko na Mungu? Walimwambia asiwe mbishi. Baba alikuwapo kwenye kikao hicho. Alikuwa anaweza kusema neno moja, na lingetosha. Alitazama mikono yake.

Basi mama akakaa mlangoni. Miaka yote ya utoto wangu iliyobaki alikuja ibadani, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, baridi ikimpiga mgongoni, na wengine walipokwenda kukomunika yeye alibaki ameketi. Baba alirudishiwa uongozi wake mara moja, kwa kuwa mkewe hakuwa tena kwa wapinzani. Nyumbani waliishi kwa adabu kubwa, kama wageni wawili waliopangiwa chumba kimoja. Bibi alifia mikononi mwa mama, akazikwa na sauti ile nzito ya baba. Baba naye alifariki nikiwa nimeshaolewa mjini, bila kuligusa jambo hilo. Kwa hiyo nchi nzima ilikuwa imefunguliwa, sukari imerudi, redio zinaimba nyimbo za kila taifa, na mwanamke mmoja aliyetaka tu kuambiwa mtoto wake yuko salama alikosa pa kuingilia huku na kule.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nyumbani kijijini, jirani akafiwa na mtoto siku aliyozaliwa, kabla hajabatizwa. Sasa kigango kimekuwa parokia na kina padri wake, kijana mpole. Alikuja na stola shingoni, akasali juu ya kile kijisanduku, akamkabidhi mtoto kwa huruma ya Mungu, akamzika ndani ya makaburi pamoja na wengine. Baadaye nilimfuata nikamuuliza sala hiyo imeanza lini. Alishangaa kidogo. "Ipo siku nyingi, mama," alisema. "Tangu kabla sijazaliwa. Labda huku ilichelewa kufika." Alisema hivyo kama mtu anayezungumzia mbolea. Nilirudi nyumbani, nikamweleza mama. Alikuwa anapepeta ulezi, na hakuacha kupepeta. "Ni vizuri," alisema. "Wenzangu hawatauliza tena." Padri huyohuyo, ambaye hakuwa na habari ya kikao chochote, alikuwa ameanza kumpa komunyo bila kumuuliza kitu.

Mimi si mpole kama mama. Ninapoishi, Sumbawanga mjini, kila mtaa una kanisa, na Jumapili spika zinashindana hadi mchana. Ninaweza kuingia popote na kutoka popote, hakuna wazee wa kuniita. Uhuru ambao mama aliusotea mlangoni mimi nimeupata bila jasho, na nimeutumia kubaki palepale nilipobatizwa, nikiwa na hasira. Namkasirikia kijana yule wa suti kubwa, aliyempa mama maji kisha akayatia sumu. Nawakasirikia wazee. Namkasirikia zaidi baba, kwa sababu nilimpenda. Mama huniambia hasira hiyo nayo ni kifungo, na kwamba mimi ndiye niliyebaki ndani. Pengine ni kweli. Anapokuja kunitembelea tunakwenda misa pamoja, siku hizi tunakaa katikati, naye huimba kwa sauti iliyochakaa lakini haijapotea njia. Tukifika kwenye Baba Yetu, nasali vizuri mpaka mkate wa kila siku. Yale ya kuwasamehe waliotukosea nanyamaza, nawasubiri wengine mbele, penye kishawishi. Mama anajua. Hapo huongeza sauti kidogo, kama anayewasalia watu wawili.